Begi Alilolifungasha Mama Mkwe

Kila tulipotaka kutoka na mtoto, mama mkwe alilikagua begi kwanza. Alikuwa akikaa barazani kwake Tandika, juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, na nilipotokea mlangoni mtoto kifuani na begi begani, alinyoosha mkono bila kuniangalia usoni. Nilimpa. Alifungua zipu, akalipindua begi, na kila nilichokipanga tangu asubuhi kikamwagika mbele ya wapangaji na ya jirani yeyote aliyekuwa amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi.

"Haya, tuone msomi wetu kafungasha nini leo."

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kondoa, na yule alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Kwa mama mkwe, ualimu na ubara wangu vilikuwa aibu moja yenye majina mawili. Pampasi aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayemtupa panya aliyenasa mtegoni, akaiweka pembeni na badala yake akatia vipande vya kanga kuukuu. Kofia ya sufu niliyoifuma mwenyewe wakati wa ujauzito aliwarushia wapangaji waitazame. "Anadhani yuko kwao kwenye baridi," alisema, na wao wakacheka kwa sababu nyumba ilikuwa yake. Akimaliza, alifunga mvuje kwenye kitambaa, akautia mfukoni mwa begi ili mtoto asipatwe na jicho la mtu, kisha akalisukuma begi kwangu kwa mguu.

Mume wangu, fundi wa majokofu, alikuwa akiyaona yote hayo. "Muache mama," aliniambia tukishafika njiani. "Ndiyo furaha yake. Utapungukiwa nini?"

Kitu ambacho mama mkwe hakukivumilia kabisa ni maziwa ya kopo. Maziwa yangu yalikuwa machache tangu mwanzo. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akashika tena, na mizani ya kliniki haikusogea. Nesi aliniambia niendelee kunyonyesha, ila baada ya kunyonyesha nimuongezee mtoto maziwa ya kopo. Nilifarijika sana siku ile. Nilirudi nyumbani na kopo, nikamweleza mama mkwe kwa adabu zote, nimepiga magoti.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akageukia jikoni akapaza sauti, ingawa jikoni hakukuwa na mtu.

"Wanangu wote nimewanyonyesha kwa kifua changu. Leo mjukuu wangu anakula unga!"

Tangu hapo aliliita lile kopo "unga wa bibi harusi". Mgeni akija, alimwambia mtoto wa watu analishwa unga. Nilijifunza kumpa mtoto chupa chumbani, mlango nimeurudishia, kama mtu anayekula mchana wa mwezi wa Ramadhani.

Ikatokea harusi Kunduchi, kwa mdogo wake mama mkwe. Ukoo wote ulikuwa unakwenda, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanangu kuonyeshwa kwa watu wa huko. Nilijiandaa tangu jana yake. Nilifua nguo zake nyeupe nikazipiga pasi. Siku yenyewe nikajaza maji ya moto kwenye themosi ndogo, nikapima maziwa ya unga nikayatia kwenye kikopo kisafi chenye kifuniko, nikachemsha chupa, nikaifunga kwenye taulo. Vyote nikavipanga chini kabisa, nguo juu. Nilijua litapinduliwa, lakini nilishakuwa na jibu tayari: nesi kasema.

Siku ile halikupinduliwa. Noah ya kukodi ilikuwa mlangoni inapiga honi, mama mkwe amevaa baibui jipya, ananukia udi, uso umekunjuka. Akanipokea begi mwenyewe. "Wewe mshike mtoto, mwanangu. Hili nitaliingiza mie garini." Aliniita mwanangu. Nilifurahi kama mtoto aliyepewa peremende. Nilipanda nikakaa, na sikugeuka nyuma kuangalia alilifanyia nini.

Kunduchi tulikuta turubai limeshafungwa, ngoma imepamba moto, na harufu ya samaki wa kukaanga inatoka uani. Wanaume walikaa upande wa barabarani, wanawake ndani ya uzio juu ya mikeka. Mwanangu alipitishwa mikononi mwa mabibi, mmoja baada ya mwingine. Wakasema pua ya babu yake, wakasema masikio ya ukoo. Hakuna aliyeona changu. Kisha akaanza kulia njaa.

Nilimnyonyesha upande mmoja, nikamnyonyesha na wa pili. Akaachia, akalia zaidi. Nikavuta begi. Nikatoa nguo nyeupe, nikatoa kanga, nikaingiza mkono hadi chini. Hakukuwa na themosi, chupa wala kikopo. Mkono wangu ulikamata kifundo cha mvuje tu.

Mama mkwe alikuwa amekaa hatua chache kutoka nilipo, anakula visheti.

"Mama, vitu vya mtoto vya maziwa sivioni."

"Nimeviacha nyumbani," alisema, wala hakuacha kutafuna. "Tunakuja kwenye shughuli za watu na unga wa dukani? Watatuonaje?"

"Ana njaa, mama."

"Mnyonyeshe. Si una maziwa? Au unataka kuniambia huna?"

Wanawake wa jirani walishaacha mazungumzo yao. Nilimpigia mume wangu simu. Alikuwa upande wa pili wa uzio, nilisikia ngoma ileile ikilia kwenye simu na masikioni mwangu kwa pamoja. Nikamwomba atafute duka la dawa. "Subiri kidogo, nimekaa na wazee," alisema. "Mwambie mama akusaidie." Akakata.

Mtoto alilia hadi sauti ikakauka. Bibi mmoja mnene, ambaye sikumjua hata kwa sura, akasogea akasema wanawake wa siku hizi hawajui kushusha maziwa. Kabla sijamjibu, alishaingiza mkono ndani ya dera langu, akalitoa titi nje, akalikamua mbele ya mkeka mzima. Kikatoka kitone kimoja, kikateremka kwenye kidole chake. Alikinyanyua kidole kile wenzake wakione.

"Kisima kikavu hiki," alisema. Wakacheka. Sikuwachukia wale waliocheka kwa sauti kama nilivyowachukia wale waliojifunika vinywa kwa kanga.

Mama mkwe akafuta mikono, akaita jina la mwanamke aliyekaa karibu na mlango. Nililijua jina lile. Ndilo alilokuwa akilitaja kila nilipounguza wali, kila nilipokosea kufunga ushungi: binti wa rafiki yake wa Mtoni, aliyetakiwa aolewe na mume wangu kabla yangu. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa, na alimpakata mtoto wake wa kike anayelingana na wangu. Mbele ya kifua dera lake lilikuwa limelowa maziwa.

"Njoo umsaidie huyu," mama mkwe alimwambia. "Mjukuu wangu anakufa na njaa."

Yule dada alinitazama. Nadhani alikuwa ananisubiri niseme neno. Mtoto alikuwa analia bila sauti, mdomo wazi, na mama mkwe alishanyoosha mikono kumchukua. Nikamwachia. Yule dada akampa mwanawe mtu amshikie, akampokea wangu, akampa titi.

Mwanangu alinyonya kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia kifuani kwangu. Nilisikia akimeza. Maziwa yalimwagika pembeni mwa mdomo, yakaingia kwenye mkunjo wa shingo. Yule dada alimfuta kwa kidole, akasema kwa upole, bila ubaya wowote, "Maskini, huyu hajawahi kushiba."

Mama mkwe akasimama. "Shuhudieni! Leo mjukuu wangu kapata mama wa ziwa!" Vigelegele vikapigwa. Nilikaa katikati ya vigelegele hivyo, dera langu bado halijafungwa vizuri, nguo nyeupe zimetapakaa miguuni.

Usiku ule hatukusemeshana na mume wangu. Kesho yake nilimweleza kila kitu. Alikuwa ananyoa ndevu kwenye kioo cha dirishani.

"Lakini si alishiba?" aliuliza.

"Alishiba."

"Sasa unalia nini?"

Wiki haikuisha mama mkwe akaja na mpango wake. Kila asubuhi angempeleka mtoto Mtoni akanyonye, na jioni angemrudisha. Nilikataa. Mume wangu akasema tujaribu kidogo tu, kwa faida ya mtoto. Nikasema basi niende naye mie. Mama mkwe akasema mwenye nyumba wa kule hakunialika mimi.

Kwa hiyo asubuhi nilisimama mlangoni nikimtazama mama mkwe akifungasha begi la mwanangu. Na alijua kufungasha, siwezi kumnyima hilo. Nguo alizikunja ndogondogo zikaingia nyingi. Pampasi, zilezile alizozitupa kwangu, sasa alizipanga kwa safu. Kofia yangu ya sufu hakuitia. Akamfunga mtoto mgongoni, akatoka zake kwa bajaji, na mie nikabaki nafagia uwanja.

Siku ya kliniki nesi alimweka mtoto kwenye mizani, akatazama kadi, akatabasamu. "Hongera mama! Umeona? Ukijitahidi inawezekana." Wenzangu kwenye benchi wakanipongeza. Nilisema asante. Kifua changu kilikuwa kimeshanywea kabisa.

Asubuhi moja nilishindwa kukaa. Nilimpa mama mkwe nafasi atangulie, nikachukua bajaji nyingine nikamfuata hadi Mtoni. Nilisubiri kwenye kibanda cha chipsi mpaka nikamwona anatoka peke yake kwenda sokoni, ndipo nikabisha hodi. Yule dada alikuwa uani anafua, mwanangu na mwanawe wamelala kwenye neti moja.

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Alinisukumia kigoda.

"Karibu dada. Nilijua ipo siku utakuja." Akakamua nguo, akaianika. "Mie simtaki mumeo, usikae ukawaza hivyo. Walikuja kuposa, nikamkataa mwenyewe. Baba yangu alikasirika mno. Mama mkweo hajakwambia?"

"Hajaniambia."

"Atakwambiaje?" Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Nanyonyesha huyu mtoto kwa sababu ana njaa. Ukitaka nisimnyonyeshe kesho, niambie sasa hivi, nami nitamwambia mama asimlete."

Nilimtazama mwanangu ndani ya neti. Mashavu yalikuwa yamejaa. Nilimwambia aendelee.

Lakini neno lake niliondoka nalo kama kisu nilichokiokota njiani. Jioni ile tulikuwa tunakula, mume wangu, mama yake na mie, na mama mkwe akaanza kusifia nyumba ya Mtoni, usafi wake, mwanamke wake, jinsi mwanawe alivyokosa bahati. Nikaweka tonge chini.

"Mama, yule alimkataa mwanao."

Mume wangu alibaki ameshika samaki mkononi. Nilimwona mama mkwe akiinama, na kwa muda mfupi nilidhani nimempata. Kisha akanyanyua uso, ametulia kabisa, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu niolewe kama mtu anayemwona aliye mbele yake.

"Alimkataa, ndiyo," alisema. "Wewe ulidhani tulikufuata Kondoa kwa uzuri gani? Tulichukua kilichobaki."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anatoa mwiba kwenye samaki. Aliutoa, akauweka pembeni ya sahani, akaendelea kula.

Nilimaliza likizo ya uzazi nikiwa Chamazi, kwa mwalimu mwenzangu aliyenipa chumba cha uani. Niliondoka Tandika asubuhi, mtoto mgongoni, kabla mama mkwe hajarudi kutoka dukani. Mume wangu alinifuata baada ya siku chache. Alisimama getini na mfuko wa nguo zake, akasema, "Nimekuja."

"Mama yako kasemaje?"

"Kasema nisipokwenda kwake Ijumaa, nisimzike."

"Na wewe umesemaje?"

Alitazama mfuko wake. Nilimfungulia kwa sababu mtoto alikuwa ameshamwona na alikuwa anamchekea.

Tumepanga vyumba viwili huku huku Chamazi. Mwanangu sasa anakimbia, anaongea, anakula kila kitu. Ijumaa baba yake humpeleka Tandika, na mie siendi. Yule dada wa Mtoni tunatumiana salamu za sikukuu. Mwanawe na wangu ni ndugu wa ziwa sasa, hawataoana, na hilo linatuchekesha sote wawili kidogo.

Bibi yake anampenda mno, sitasema uongo. Humwandalia halua, humfundisha sura fupi fupi, humkalisha kwenye mkeka wake barazani. Mtoto anaposikia neno Ijumaa huenda kusimama mlangoni mwenyewe, amevaa viatu kinyume. Wiki iliyopita nilipokuwa namfunga vifungo aliniuliza, "Mama, wewe kwa nini hupendwi na bibi?" Nilimwambia asimame wima nimalize vifungo. Alisimama wima, akasubiri jibu kidogo, kisha pikipiki ya baba yake ikawaka nje na akaniponyoka.