Usaili Uliohamia Heru Juu

Siku hizi makao makuu wakinitumia fomu ya usaili yenye swali la "eleza ubora wako", nalikata kwa kalamu nyekundu kabla sijasoma mengine. Wamenuna. Wanune tu! Swali lile niliona kwa macho yangu lilivyotaka kummeza mtoto wa watu mchana kweupe.

Naendesha mpango wa ufadhili wa chuo kikuu hapa Kasulu, chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge. Tunawalipia vijana ada, tunawapa walezi wa kuwashika mkono masomoni, na wakimaliza tunawasaidia kutafuta kazi. Mwaka ule ilibaki nafasi moja. Msichana mmoja wa Heru Juu alikuwa amechaguliwa kusomea uhandisi wa maji, na mama yake analima mihogo. Bila sisi, chuo angekisikia redioni.

Kwanza nikiri kosa langu. Wiki nzima kabla ya usaili nilimfundisha kujisifu. "Sema, mimi ni hodari!" Yeye anaangalia vidole vyake vya miguu. "Mwalimu, naona haya." Nikamgombeza, mimi Muha mzima, niliyelelewa na bibi aliyekuwa akinifinya nikijisifu mbele za wageni. Kwetu sifa zako anazisema mwingine. Ukizisema mwenyewe, watu wanaanza kukutilia shaka. Nilijua hayo yote na bado nikamgombeza.

Siku ikafika. Wasaili walikuwa watatu kutoka Dar, mwenyekiti wao mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Mimi nilikaa pembeni kama katibu.

"Haya binti, tuambie umefanya nini cha kujivunia."

Binti akainamisha kichwa. "Sijafanya kitu, mama."

"Hata kimoja?"

"Wapo wenzangu wanaojua kuliko mimi."

Mwenyekiti akaandika neno moja kwenye fomu: Hajiamini. Kisha akafunga faili.

Nikainuka pale pembeni. "Mama, hapo umekosea."

"Mwalimu, mhandisi asiyejiamini atajenga nini? Lazima ajue kujiuza."

"Kizuri chajiuza, mama. Kibaya ndicho chajitembeza."

Msaili mmoja akacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Utaratibu ni utaratibu," akasema.

"Basi na mimi niandikie barua ya kuachishwa kazi, maana hilo neno silikubali." Na ile kazi nilikuwa naihitaji, sitaficha. "Heru Juu ni hapo tu kwa bodaboda. Twende tukawaulize watu wake, halafu uandike utakalo."

Mwenyekiti akachukua mkoba wake. Tukapanda bodaboda, binti naye, na tulipofika yule mwenyekiti alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

Mama wa binti alitupokea kwa kupiga makofi, akitusalimu kwa Kiha, mwidiwe, mwidiwe, akatutolea viti. Mwenyekiti akamuuliza mwanawe anaweza nini. Mama mtu akacheka kwa aibu.

"Huyu? Huyu hajui kitu, jamani. Mvivu tu."

Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Mwenyekiti akanigeukia, na macho yake yalisema: si umesikia mwenyewe?

Ndipo jirani aliyekuwa akimenya mihogo uani akadakia. "Mvivu gani? Hebu wapelekeni nyuma ya kanisa wakauone mlango wake!"

Tukaenda. Kulikuwa na mlango wa zamani, umeng'olewa bawaba na kuegemezwa ukutani, umejaa hesabu za chaki toka juu hadi chini. Watoto wamekaa juu ya matofali wanamngoja mwalimu wao. Alikuwa amechelewa kipindi kwa sababu yetu. Jirani akatuambia binti anawafundisha bure kila Jumamosi tangu amalize shule, na watoto waliokuwa wanashika mkia sasa wanafaulu. Binti mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yetu, anachora chini kwa kidole cha mguu.

Mwenyekiti akamwita katoto kamoja ka kike, akakaandikia hesabu ya sehemu, na haikuwa rahisi. Kakaikokotoa mstari kwa mstari bila kusita, kakapigia jibu mistari miwili. Sahihi!

"Ala! Kumbe wewe hodari wa hesabu!" mwenyekiti akasema.

Kale katoto kakamrudishia chaki kwa mikono miwili, kakainamisha kichwa.

"Hapana, mama. Mimi sijui kitu."

Mwenyekiti akauangalia ule mlango, akamwangalia binti aliyeinama vilevile kama mwanafunzi wake. Kisha akafungua faili na kuniomba kalamu. Nilimpa, nikasimama palepale begani kwake mpaka nilipoona amelikata lile neno.