Majina Yaliyobaki Nje ya Orodha

Asajile aliubeba mchanga wa shule ile kichwani mwake, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Wanakijiji wa huku juu ya mto Suma walipochoka kuisubiri serikali wakaamua kujijengea sekondari, wanaume walichonga mawe na wanawake wakapandisha mchanga kutoka mtoni. Asajile, mjane mwenye migomba na kipande cha chai, alibeba hata siku ambazo zamu haikuwa yake. Alitaka binti yake Tulia asome, basi.

Shule ilijengwa, ila walimu ndio hawakupatikana. Wa hesabu alifundisha mihula miwili, akaona mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi, akaenda kuuza mitumba mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini. Mzazi akishuka mjini anamkuta amesimama juu ya robota ananadi suruali kwa sauti ambayo darasani hakuwahi kuitoa. Wa fizikia hakufika kabisa. Maabara ikawa stoo ya maharage. Halafu matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 1996 yakatoka, shule ikashika mkia wilaya nzima, na watu wazima wenye akili zao eti wakashangaa!

Akaletwa mkuu wa shule mpya, Meshaki, mtu nadhifu mwenye suti ya kijivu na maneno laini. Akaitisha mkutano wa wazazi.

"Wazazi wangu, shule hii inaangushwa na watoto wachache wavivu," alisema. "Tukiwapumzisha hao wasifanye mtihani wa taifa, asilimia ya kufaulu itapanda. Mnakubali?"

Asajile alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na vigelegele akapiga. Aliwafikiria watoto wa watu, wale wanaoshinda njiani wakitafuna miwa. Tulia wake hakumfikiria hata kidogo, maana Tulia husoma mpaka akasinzia juu ya daftari. Wazazi wote wakatia saini.

Machi orodha ikabandikwa. Kati ya watoto thelathini na mmoja wa kidato cha nne, waliosajiliwa ni kumi na wawili tu. Meshaki alikuwa amewachuja kwa jaribio moja la hesabu, somo ambalo hawakuwa na wa kuwafundisha. Tulia hakuwamo. Lugano, mtoto wa jirani yao Anyosisye, naye hakuwamo.

Fomu za usajili zilikuwa zinapelekwa wilayani kesho yake. Asajile alijitanda khanga, akampitia Anyosisye, wakapanda shuleni. Walipofika, Anyosisye, mwanamke mpole asiyejua hata kumfokea kuku, akasema yeye atasubiri nje. "Wewe una mdomo, Mama Tulia. Ingia utusemee wote wawili."

"Ndaga, mwalimu," Asajile alianza, na salamu hiyo ya heshima akaijutia palepale. "Jina la mwanangu liko wapi?"

Meshaki alifungua jalada, akamsogezea muhtasari wa ule mkutano. "Mama, saini hii ni ya nani?"

Ilikuwa yake. Asajile aliitazama akajichukia, akatamani kuichana karatasi ile pamoja na kidole kilichoiandika. Lakini chuki ya kujichukia haikai peke yake muda mrefu.

"Nilitia saini kwa wavivu!" alifoka. "Mwanangu ni mvivu? Hesabu umempima, nani alimfundisha? Yule muuza suruali? Ukuta huu una mchanga wangu, wewe umekuja juzi na suti yako unamfukuza mwanangu ili upigiwe makofi Tukuyu! Huna haya?"

"Mama, punguza sauti."

"Sauti hujaisikia bado." Akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha, khanga ameishusha kiunoni kama wafanyavyo wanawake kwenye matanga. "Sasa nitapiga kilio cha msiba. Unajua watu wa huku wakisikia kilio. Wataacha majembe, watakuja wote kuuliza nani amekufa, na mimi nitawaambia ni watoto kumi na tisa, na aliyewaua huyu hapa."

Akavuta pumzi. Meshaki aliruka akafunga mlango, jasho linamtoka. Akaichomoa fomu bahashani, akaandika jina la Tulia.

"Huyu mmoja tu," alinong'ona. "Na usimwambie mtu. Akija mzazi mwingine kunisumbua, namfuta na huyu wako."

Asajile alifungua kinywa kumtaja Lugano. Akalitazama jina la Tulia, wino bado mbichi. Akakifunga kinywa, akainuka, akajifunga khanga yake vizuri.

Nje, Anyosisye alimkimbilia. "Vipi, mwenzangu?"

"Amekataa," alisema Asajile. "Amekataa katakata."

Anyosisye hakuuliza mara ya pili. Alimwona mwenzake anatetemeka, akadhani ni uchungu, akavua khanga yake ya juu akamfunika mabegani. Na njia nzima ya kurudi, mpole yule alimtukana Meshaki kwa matusi ambayo hakuna aliyejua kama anayajua. "Kumnyima Tulia!" alikuwa akisema. "Mtoto anayesoma vile! Bora angemnyima Lugano wangu peke yake."