Klachi ya Lori la Shabunda

Klachi ile niliiunga kwa mikono yangu mwenyewe, na sikuiamini tangu siku ya kwanza.

Lori lilikuwa kuukuu, na injini yake ya dizeli ilikuwa imeanza kunguruma tangu wakati wa Wabelgiji. Mwenyewe alikuwa papa mmoja, mzee wa heshima wa mtaa wa Nguba, mtu wa ofisi, abakosti yake, ile suti isiyovaliwa tai, imepigwa pasi hata Jumapili, ambaye alijua malori kama mimi ninavyojua Kilatini. Dereva alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, niliyemwita yaya. Alikuwa amekaa miezi minne bila kazi, na safari ile ya kwenda Shabunda, kule msituni, ndiyo ingewalisha watoto wake watatu.

Diski mpya ya klachi haikuwako mjini, na ya kuagiza Bujumbura papa hakutaka hata kuisikia.

"Fundi, artikle kenze," aliniambia. "Fanya na ile iko."

Kila Mzaire aliijua artikle hiyo ya kumi na tano, sheria isiyoandikwa popote, inayokuambia ujitafutie njia. Nilikasirika, maana rahisi ni ghali, nami nilimwambia hivyo usoni. Yaya akanivuta pembeni. "Mudogo, funga tu. Nitaendesha polepole."

Basi nikafunga. Nilichukua diski ya zamani, nikang'oa garnitiri zilizokwisha, yaani zile pete ngumu zinazoshika injini, nikapiga nyingine kwa riveti za shaba. Hizo nyingine nilizitoa kwenye lori lililokufa, nikazikata kwa msumeno zitoshe. Springi nne zilikuwa zimechoka, nikaziwekea vipande vya bati chini ili zisukume kwa nguvu. Chombo cha kuiweka diski katikati sikuwa nacho, nikachonga kijiti cha mkaratusi, na giaboksi ikaingia bila matusi mengi. Kwa hayo yote nilijisifu, sitaficha.

Lakini zile garnitiri zilikuwa zimekunywa mafuta. Niliziosha kwa petroli, nikaziweka juu ya makaa mpaka zikatoa jasho jeusi, nikazifuta, nikarudia. Kila fundi anajua kwamba garnitiri ya namna hiyo ikiwa baridi inashika vizuri, ila ikipata moto mafuta yanapanda juu tena. Ndiyo maana hujaribiwa ikiwa na mzigo, mlimani, mara mbili au tatu. Mimi niliijaribu penye ukuta. Tulilisukuma lori tupu mpaka pua yake ikagusa ukuta, nikatia gia ya nne, nikaachilia pedali, na injini ikazima palepale. Ndiyo dalili ya klachi iliyoshika. Papa akapiga makofi, akaniita injenia mbele ya watu. Jina hilo lilinilevya, nikanawa mikono.

Asubuhi iliyofuata walipakia chumvi, sabuni na vitambaa, na juu yake abiria kumi na mmoja. Katekista akaombea safari. Kwetu, mzigo ukishaombewa haushushwi tena, maana kuushusha ni kuita kifo kwa jina lake. Niliingia na yaya ili nisikilize kazi yangu mpaka juu ya mlima.

Katikati ya mpando wa kutoka Nyawera filimbi ililia. Kwenye ofisi ya zone, ile ya serikali ya mtaa, bendera ilikuwa inapandishwa, na bendera ikipanda hakuna anayetikisika, awe mpagazi, mama wa sokoni au gari. Mwanajeshi mmoja alisimama na fimbo, akimtafuta wa kumpiga. Yaya akakanyaga breki, tukabaki tumening'inia pale na mzigo wetu wote. Filimbi ya pili ikalia. Yaya akaachilia pedali na injini ikapiga kelele, lakini lori halikwenda. Likarudi nyuma hatua moja, mbili. Nyuma yetu akina mama walitupa vikapu na kukimbia, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Kisha klachi ikashika kwa kutetemeka, tukapanda.

Juu ya mlima yaya alisimamisha gari. Mikono yake ilikuwa bado imeshika usukani.

"Mudogo, iko sawa?"

Juu ya mzigo abiria walikuwa wanaimba. Niliwaza katekista, nikawaza makofi ya papa, nikawaza lile neno injenia.

"Iko sawa, yaya. Iko mupya, itazoea."

Nikashuka, naye akaenda.

Siku ya nne dereva mmoja alileta habari. Katika mpando wa matope, ndani ya msitu, lori lilikataa kushika, likaanza kurudi nyuma. Yaya aliwapigia kelele waruke, naye akabaki amekanyaga breki mpaka wa mwisho aliporuka. Wote kumi na mmoja walirudi wazima. Yaya alirudi juu ya magunia ya mtu mwingine, amefunikwa turubai.

Kilioni mama yetu aliniita kwenye mkeka wake.

"Weye ndiye ulitengeneza. Ulitengeneza muzuri?"

"Nilitengeneza muzuri, maman. Ni barabara."

Alinishika mikono yote miwili, akawageukia wanawake waliokuwa wananong'ona. "Musimuseme mutoto wangu. Ni barabara ilimuua mukubwa wake." Kisha akaagiza niletewe sahani ya bugali kabla ya wengine, kwa kuwa sasa mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Nikala, nikamaliza.