Mlokole aliyenunua pombe ili Jane apande basi

Ni saa tatu asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Februari, na umande bado haujakauka kwenye nyasi za Pito, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga. Majembe arobaini na moja yanapanda na kushuka kwenye shamba la ekari moja na nusu. Pembeni, chini ya upenu wa nyumba, yamewekwa mapipa mawili ya pombe ya ulezi, na aliyesimama kuyalinda ni mwanamke wa kanisa.

Anaitwa Atusaye Mwaipasi, miaka arobaini na sita; hapa wengi humwita Mama Happy. Tangu aokoke akiwa msichana hajaonja pombe. Leo kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayezamisha kikombe kabla ya tuta la mwisho.

"Mama Happy, hata kuonja tu, nijue kama imeiva?" anamtania mzee mmoja akipita na jembe begani.

"Onja udongo kwanza, baba," anamjibu.

Watu wanacheka, yeye hacheki. Macho yake yako kwa mtoto aliyekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Ni Jane, mwenye miaka mitano, anayetazama wenzake wakikimbizana. Akiinuka kuwafuata, hupiga hatua kama ishirini, kisha huchuchumaa na kushika magoti, midomo ikageuka rangi ya zambarau. Watoto wa jirani walidhani huo ni mchezo wake, wakawa wanachuchumaa naye.

Jane ana tundu kwenye moyo. Kesho asubuhi kuna basi la kwenda Dar es Salaam, na huko madaktari wa kujitolea kutoka nje watakaa siku saba tu, kufanya upasuaji bila malipo. Nauli ipo, kitanda kipo, jina lake liko kwenye orodha. Kilichobaki ni shamba. Lisipoisha leo, mama yake, Cornelia Zenon, hapandi basi, na mama asipopanda, mtoto hapandi.

Mtu wa mjini akisikia hivyo atasema huyu mama ana roho ya jiwe. Atusaye naye aliwahi kusema hivyo, tena kwa maandishi.

Yeye si daktari wala nesi. Ni mfuatiliaji wa wagonjwa wa shirika moja la hisani, ambalo limeomba jina lake lisitajwe. Kwa miaka tisa amezunguka kwa pikipiki kutoka Mazwi, mjini Sumbawanga, anakoishi, akipita vijiji vya uwanda wa juu hadi Milepa kule bondeni, akitafuta watoto wenye magonjwa ya moyo, vichwa vinavyojaa maji na migongo iliyozaliwa wazi. Akimpata mtoto anamfikisha kwenye vipimo, na jina likitoka anampeleka kituo cha basi. Posho yake ni shilingi laki moja na themanini kwa mwezi.

"Neno bure nilikuwa nalipenda sana," anasema. "Nilidhani ukimwambia mzazi bure, kazi imekwisha, abebe mtoto twende. Nilikuwa mjinga."

Ujinga huo una asili yake. Atusaye amezaliwa Tukuyu, kwa Wanyakyusa, kwenye migomba na mvua isiyojua kupumzika. Alikuja Sumbawanga kumfuata mumewe, Nsajigwa, mwalimu wa shule ya msingi. Kwao mtu akiacha shamba mwezi mzima, akirudi atakuta ndizi zinamsubiri. Ufipa si hivyo, na hakuna aliyemwambia.

Hapa mkulima hukata nyasi zikiwa bado mbichi, akazilaza, akazifukia kwa udongo mpaka shamba zima lijae vichuguu vya duara. Wafipa wanaviita intumba. Nyasi huozea humo ndani na kuwa mbolea, juu hupandwa maharage, na msimu unaofuata vichuguu husambazwa ili ulezi na mahindi yapate pa kushika. Kazi hiyo ina wiki zake, kuanzia Februari hadi Aprili. Ukichelewa, nyasi zimekauka, udongo umekuwa mgumu, na mwaka unaofuata unakula kwa kuomba.

Madaktari nao wana wiki zao. Wanakuja Machi mwanzoni, kwa sababu ndipo wanapopata likizo kwao.

Miaka minne iliyopita, Atusaye alipeleka barua kwenye kijiji kimoja cha mbali kidogo na mji, kwa baba anayeitwa Nestory. Mwanawe, Tito, alikuwa na miaka sita na ugonjwa kama wa Jane. Nestory alisoma barua, akaikunja vizuri, akasema: "Tumeshukuru, mama. Tutakuja Mei."

Atusaye alipandwa na hasira. Akarudi na mtendaji wa kijiji, akawasema wazazi wale mbele ya watu, akawatishia polisi. Kesho yake alikuta nyumba imefungwa na mtoto amepelekwa kwa bibi yake. Kwenye ripoti akaandika: *Wazazi hawana ushirikiano.* Madaktari wakaja, wakaondoka.

Wiki ya kwanza ya Mei, mtu akabisha mlangoni kwake, Mazwi. Alikuwa Nestory, ameendesha baiskeli tangu alfajiri, Tito nyuma amevalishwa shati jipya, begi limefungwa kwenye usukani.

"Tumemaliza shamba," akasema. "Tuko tayari."

Hakukuwa na daktari wa kumpeleka mpaka Machi nyingine. Shirika lilihangaika kutafuta nafasi mahali pengine, lakini haikupatikana. Tito alifariki Agosti.

"Walisema Mei, wakaja Mei," anasema Atusaye, akiangalia mikono yake. "Mimi ndiye sikuwauliza kwa nini Mei. Ile ripoti ipo mpaka leo kwenye faili, na mwandiko ni wangu. Inaniuma, sina namna nyingine ya kusema."

Tangu hapo, akifika nyumba ya mgonjwa, hamuulizii mtoto kwanza. Baada ya salamu, anauliza: "Mmefikia wapi na matuta?"

Kwa Cornelia jibu lilikuwa baya. Mumewe alikwenda machimbo ya dhahabu Chunya mwaka juzi, hajarudi wala kupiga simu. Wamebaki yeye, watoto watatu na mama mkwe asiyeweza kuinama. Alikuwa amelima kona moja ya shamba peke yake, na safari ya hospitali ingemchukua wiki tano. Daktari aliyempima Jane alikuwa ameshasema wazi: mwaka huu, si mwakani.

"Mama Happy, mimi simkatai mwanangu," Cornelia alimwambia. "Nieleze tu. Nikirudi naye mzima, nitamlisha nini?"

Atusaye anasema swali hilo lilimkosesha usingizi. Asubuhi akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Leonardi, akamwamkia shikamoo, akaomba majirani wamsaidie Cornelia. Yeye angeleta chai ya maziwa na maandazi. Mzee aliitikia marahaba, akamtazama kwa huruma.

"Jaribu, mwanangu."

Jumatano wakaja watu wanane. Wakanywa chai, wakalima mpaka saa nne, wakaaga kwa adabu na kwenda kwenye mashamba yao. Hata robo haikufika. Mzee Leonardi akamvuta kando.

"Chai ni nzuri, nami nimekunywa vikombe viwili," akamwambia. "Lakini chai hailimi, Mama Happy. Shamba la namna hii ni la pombe. Ukitangaza pombe, mtu anaacha lake siku moja, anakuja kwako, kwa sababu anajua siku yake ikifika na wewe utakwenda kwake. Cornelia hana ulezi wa kupika. Angekuwa nao, wasingekusubiri wewe."

Pombe ya ulezi haipikwi leo ikanyweka kesho. Kimea kinataka kuoteshwa, kuanikwa na kusagwa, kisha kupikwa na kuachwa kichachuke. Basi lilikuwa Jumapili. Bahati ni kwamba Josefina, mpishi wa pombe wa mtaa wa pili, alikuwa na mapipa mawili yanayoiva kwa ajili ya wateja wake wa mwisho wa wiki.

Shirika hulipia nauli, chakula na dawa. Kwa pombe hakuna fungu, na Atusaye hakuthubutu hata kuuliza. Alitoa nusu ya posho yake ya mwezi.

"Josefina alinitazama juu mpaka chini," anakumbuka. "Akaniuliza, 'Umerudi duniani, mlokole?' Nikamwambia nipimie pombe, maswali baadaye."

Ndiyo maana leo amesimama hapa.

Mambo yanakwenda vizuri mpaka saa nane mchana, mvua inaposhuka. Watu wanakimbilia upenuni, na upenuni ndiko kuliko na mapipa. Kijibaridi kinawapiga, nguo zimeloa, na wapo wanaosema kwa sauti kwamba mvua imeshafunga kazi, bora kikombe kimoja kimoja cha kuchangamsha damu. Atusaye anajua kikombe kimoja kikitoka, majembe hayarudi.

Anavuta ubao uliofunika pipa la kwanza, anaukaza, anaukalia. La pili anaweka mguu juu yake.

"Imebaki mistari sita," anawaambia. "Mvua hii ni ya kupita. Mkinitoa hapa mtakuwa mmenitoa kwa nguvu, na mimi ni mama yenu."

"Huyu Mnyakyusa ana vituko," anasema mtu mmoja.

Jane, aliyesogezwa ndani, anakohoa. Mzee Leonardi, mwenye miaka sitini na saba, anachukua jembe lake na kutoka nje, mvua ikimpiga mgongoni, anaanza kulima peke yake. Anafuata Josefina mwenyewe, mwenye pombe. Kisha mwingine. Baada ya muda upenuni anabaki Atusaye na mapipa.

Saa kumi na moja na nusu jioni, kichuguu cha mwisho kinafukiwa. Cornelia anazunguka mpaka wa shamba wote kwa miguu, taratibu, kama mtu anayekagua shamba la kununua, huku watu wakimsubiri na kiu zao. Anaporudi, anamwambia Atusaye maneno matatu.

"Ngoja nifunge mzigo."

Ndipo ubao ukaondolewa kwenye pipa.

Hayo yalikuwa Februari. Sasa ni Agosti, upepo wa kipupwe unavuma Sumbawanga, na Jane anamaliza wiki ya pili darasa la awali. Kovu limeshuka katikati ya kifua chake. Cornelia anasema tatizo lake jipya ni kwamba mtoto hakai nyumbani. "Nikimtuma chumvi anapotelea kwa wenzake. Zamani nilikuwa namwona popote alipo, kwa sababu hakuweza kwenda mbali." Maharage yalitoka magunia mawili, na vichuguu vinasubiri mvua ya Novemba.

Yaliyompata Atusaye ni mengine. Jumapili ile, alipotoka kusindikiza basi, habari zilishafika kanisani kabla yake, tena zikiwa na chumvi ya kutosha. Wapo waliosema alilewa. Wapo waliosema ameanza biashara. Wazee wa kanisa wakamwita. Mzee Timoth, ambaye ndiye aliyesimamia ndoa yake, alimuuliza kwa upole kama ni kweli alinunua pombe na kuwanywesha watu.

"Nilisema ni kweli. Mapipa mawili," anasema. "Akauliza kama najuta. Nikamwambia najutia mengi, lakini hilo bado halijaingia."

Ametengwa. Anaruhusiwa kusali, ila hakai na akina mama wenzake wala hashiriki Meza ya Bwana. Anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, pamoja na wageni. Anakiri kwamba siku ya kwanza mkate ulipompita alilia, na mumewe, aliyeketi mbele, hakugeuka kumtazama kwa sababu na yeye alikuwa analia.

Hawalaumu wazee. "Pombe imeharibu nyumba nyingi hapa mjini, mimi mwenyewe nazijua. Sheria yao si mbaya. Ni vile tu hawajawahi kumwona Tito."

Kurudishwa si kazi kubwa. Asimame mbele ya waumini Jumapili moja, akiri kosa, aahidi kwamba hatarudia. Mzee Timoth amemfuata nyumbani mara tatu kumsihi, na mara ya mwisho alikuja na sukari kilo mbili.

Kukiri amekubali. Kinachomkwamisha ni ahadi. Orodha ya watoto wa Machi ijayo imeshatoka, ina majina matatu, na wote ni wa wakulima wa uwanda wa juu. Ameandikia shirika barua mbili kuomba madaktari waje Juni, mashamba yakiwa yamelala. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba ombi lake limepokelewa. Ya pili haijajibiwa. Huku akisubiri, amekodi robo ekari Pito, na mvua zikianza atapanda ulezi, ili angalau Machi ya mwaka utakaofuata asinunue.

"Nikisimama pale mbele nikaahidi, nitakuwa nimemdanganya Mungu kanisani kwake," anasema, akifunga faili lenye majina matatu. "Basi nitakaa benchi la nyuma mpaka madaktari wabadilishe mwezi."