Meza ya Dirishani

Gerishom alikuwa mlinzi kwenye mlango wa jengo la ofisi za mizigo huko Deira, Uarabuni, na kazi ya mlinzi wa mlango ni nyuso. Mgeni akifika anaacha kitambulisho, anapewa beji. Gerishom anatazama picha, anamtazama mtu, anarudia picha. Miaka ilivyopita akawa haoni watu tena, anaona vitambulisho vinavyotembea. Alipoanza kuchora, alichora hivyo hivyo: kila mtu kaelekea mbele, masikio yote mawili yanaonekana, mdomo umefungwa kwa hofu ya mpiga picha.

Lakini alikuwa na mkono mzuri, tusimnyime haki yake. Wenzake wa chumbani kule Muhaisnah walipanga foleni awachore, na sifa zikamvimbisha kichwa kidogo. Kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alipanda basi kwenda kwenye darasa la Ustadh Hikmat, mzee wa Kiiraki aliyekodi chumba juu ya duka la vitambaa.

Mwaka wa 2014 darasa lilimaliza ngazi ya kwanza, na Ustadh akawaambia wachague. Ngazi ya juu ilikuwa na njia mbili. Anayetaka kujitegemea anapewa meza ya dirishani na ufunguo wa chumba. Anachora atakacho, na Ustadh hamwingilii mpaka mwisho. Anayetaka kuongozwa anaketi kando ya Ustadh, anachora anachoambiwa, na picha yake mwenyewe haianzi mpaka mzee aseme "sasa."

Mastula, Mganda aliyefanya kazi za nyumbani Al Twar, hakufikiri mara mbili.

"Mimi dirishani," alisema. "Wiki nzima madam ananiambia fanya hivi, fanya vile. Ijumaa na mimi nijiamuru!"

Gerishom naye alikuwa amekwisha kuamua, tena kwa sababu nzito. Mama yake, Kwamboka, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kampuni haikumpa ruhusa ya kwenda kuzika. Nyumbani Nyamira ilibaki picha moja tu ya marehemu, ile ya kitambulisho. Gerishom alimwahidi dada yake Mercyline kwamba Desemba, akija likizo, ataleta picha ya mama ya kutundika sebuleni. Alikwisha kuichora mara nyingi na kumtumia kwa simu, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Kaka, ni yeye, lakini si yeye." Maneno hayo yalimkata maini.

Sasa akaongozwe, achoreshwe vyungu mpaka Desemba, afike kwao mikono mitupu? Alikuwa ameshanyanyua mkono kuonyesha dirisha Ustadh alipomuuliza, "Huyu mama unayemchora kila siku, alikuwa anakutazama hivi?"

Gerishom akashusha mkono. Hakujua. Mtoto wa kuzaliwa, jamani, hakujua! Alijaribu kumkumbuka mama, kikaja kitambulisho.

"Yalla, amua," Ustadh alisema kwa upole.

Akavuta kiti, akaketi kando ya mzee.

"Umerudi chekechea, Gerishom?" Mastula alimtania.

Na kweli ilikuwa chekechea. Ustadh alimchoresha kiti, tena si kiti chenyewe bali uwazi ulio kati ya miguu ya kiti. Nyuso akamkataza kabisa. Gerishom alinung'unika hadi ungemchoka. Oktoba ikapita, Novemba ikaanza kuyoyoma, na picha ya mama haijaguswa.

Halafu siku moja kazini, mgeni aliacha kitambulisho, akageuka kuelekea lifti, na Gerishom akajikuta anautazama mgongo wake. Bega moja limeshuka kwa uzito wa begi, shingo imetangulia mbele. Uchovu wote wa mtu yule ulikuwa pale, wazi kabisa. Gerishom alishangaa kama mtu aliyetolewa mtoto wa jicho. Miaka yote aliyokaa mlangoni pale hakuwahi kuwaona watu wakiondoka!

"Mungu wangu," alisema kwa sauti, hata mgeni aliyefuata akadhani kitambulisho chake kina kasoro.

Ijumaa ilipofika Ustadh alimwambia amchore Mastula, ambaye alikuwa ameinamia meza yake ya dirishani na kuwapa mgongo. Gerishom akachora bega, akachora mkono, akapanda mpaka kwenye fundo la kitambaa cha kichwa na kisogo. Hapo penseli ikapunguza mwendo.

Kisogo kile alikijua, na hakikuwa cha Mastula. Alikitazama kabla hajajua kutembea, akiwa amefungwa mgongoni kwa leso, shambani kwenye chai, mtoni, njia nzima ya kwenda sokoni. Mama aliishi ameinama kazini, na wanawe walimjua kwa nyuma kabla ya kumjua kwa mbele. Gerishom aliogopa hata kupumua asije akamfukuza. Mkono ukaenda wenyewe, ukachora kovu dogo chini ya nywele upande wa kushoto, kovu alilokuwa akilichezea kwa kidole utotoni, na ambalo halimo kwenye kitambulisho chochote.

Ustadh akaja kusimama nyuma yake.

"Sasa," alisema hatimaye. "Sasa anza picha yako."

"Nimeshaanza, Ustadh."

Mastula akaja kutazama. Gerishom akaipiga picha karatasi kwa simu, akamtumia Mercyline bila neno hata moja, akangoja.

Simu ikaita. Mercyline hakusalimia. Alikuwa analia.

"Kaka," alisema, "mwambie ageuke."