Siku Tulipomzika Mjomba Kwenye Sinema

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kalamu wala kamera. Nilibeba shuka. Bwana wa Sinema, Mbelgiji wa serikali aliyezunguka na lori kuonyesha filimu kote Kasongo na Kabambare, aliniuliza kama naweza kulifunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili lisiwe na mkunjo. Nikaweza. Alipogundua kwamba nasoma Kifaransa akanifanya komantere, yaani mtu wa kusimama kando ya shuka na kipaza sauti, awaeleze watu kwa Kiswahili yale wanayoyaona, maana filimu zetu zilikuwa bubu. Nilivimba kichwa. Hata kwa mama yangu nilianza kuingia na viatu.

Mwaka wa tatu ugonjwa wa malale ulienea, na watu wakawa wanakimbilia porini kila wauguzi walipofika na sindano. Bwana wa Sinema akaniita. "Filimu za Ulaya haziwatishi," akasema. "Andika ya hapa, watu wa hapa. Lakini franka hakuna, na kasha la filimu limebaki moja."

Hiyo ndiyo filimu yangu ya kwanza, ya dakika kumi. Niliandika senario, nayo ni karatasi iliyogawanywa kwa mstari: kushoto picha, kulia maneno. Kwa kuwa hatukuwa na kitu, niliandika vile tu vya bure: nyumba ya mjomba wangu Kalonda, kitanda chake cha kamba, wanawake wa ukoo wetu, na mjomba mwenyewe. Bado nawafundisha vijana hivyo. Usiandike harusi kama huna mchele wa kuwalisha waalikwa. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi: mtu anakimbia sindano, anaanza kusinzia juu ya sahani yake, anakufa, analiliwa.

Mjomba Kalonda, ndugu wa mama yangu, alikuwa mkulima wa mpunga na fundi wa kuchekesha watu. Alikubali, ila kwa sharti.

"Kufa nitakufa, mi siogope," akasema. "Lakini mutu angali muzima hamumulilii bure. Wamama wakisha kunililia, lazima niamuke mbele yao, nikule mukononi mwa kila moja. Kama hapana, kilio kinabakia juu yangu. Uandike na ile."

"Nitaandika, mjomba."

Nikaandika kweli, mstari wa mwisho kabisa. Tukapiga picha. Wanawake walilia hadi mimi mwenyewe nikapata baridi, kisha mjomba akaamka na majivu tuliyompaka usoni, akapita kwa kila mmoja akila bukari, ugali wetu, tonge kwa tonge, na kilio kikageuka kicheko.

Filimu iliporudi kutoka kuoshwa, Bwana wa Sinema aliitazama akakunja uso. "Maiti anakula ugali? Watacheka, na anayecheka haogopi. Futa."

"Bwana, nilimwahidi."

"Wewe ni karani wa serikali au wa mjomba wako?"

Nilichukua penseli nikaufuta ule mstari. Yeye alikata filimu kwa mkasi, lakini penseli ilikuwa mkononi mwangu. Mjomba sikumwambia neno.

Tukaenda Kabambare. Huko ndiko alikoolewa Feza, binti wa pekee wa mjomba, mwendo wa siku nne kwa miguu. Jioni ile nilimwona amekaa mbele, akinipungia mkono kwa fahari. Nilijua anachokwenda kuona. Nilijiambia nitamweleza baadaye. Mjomba alipoonekana amelala chini ya shuka la maiti, Feza alisimama.

"Baba! Baba alikufa na hawakuniita!"

Watu walianza kupiga yowe. Nilimgeukia Bwana wa Sinema, naye akaniashiria kwa furaha niendelee. Neno moja tu lingetosha: mzima. Nami nikasema kwenye kipaza sauti, "Ndivyo anavyokufa anayekimbia sindano." Kisha tukafunga vyombo, lori likaondoka. Nilikuwa naogopa kupoteza kazi, basi. Sina maneno mazuri ya kulifunika hilo.

Tulizunguka wiki tatu. Niliporudi Kasongo nilimkuta mjomba kizingitini, hacheki.

"Feza alifika," akasema. "Kichwa kimenyolewa, iko na mukeka wa kulalia matanga. Alinikuta ninapepeta mpunga, akatupa mukeka, akakimbia. Weye ulinizika mbele ya mutoto wangu. Na bukari yangu iko wapi?"

Nikavua viatu.

Malale hayakumgusa mjomba. Homa ndiyo iliyomchukua, miaka miwili baadaye. Tulituma mjumbe Kabambare. Akarudi peke yake na maneno ya Feza, aliyekuwa akiniita yaya, yaani kaka: "Mumuambie yaya, nilikwisha kulia. Mara hii sinyoe."

Tukamzika mjomba bila binti yake. Nikaomba ruhusa nikaenda mwenyewe, siku nne kwa miguu. Feza aliponiona mlangoni hakunisalimu. Nikamwambia, "Feza, baba amekufa kweli." Hakuangalia uso wangu. Aliangalia nyuma yangu, kushoto, kisha kulia, akitafuta kamera.

Uhuru ulikuja, nikahamishiwa posta, na huko ndiko nilikostaafu. Sasa wajukuu wa Kasongo huja na simu zao wakiniita Koko, yaani babu, na kuniuliza, filimu ya kwanza isiyo na pesa inaandikwaje? Nawaonyesha mstari wa katikati ya karatasi, kushoto picha, kulia maneno. Wananishukuru. Shukrani hizo nazipokea, maana hawajui nililomtendea Feza. Lakini yeye bado yu hai kule Kabambare. Kila ninapomtumia habari ya msiba, hata wa mama yangu mzazi, yeye hulipa mtu aje kwanza aangalie kaburi.