Siku Mwalimu Alipokabidhi Chuo Chake

Kazi yangu ilikuwa kuingia nyumba za watu. Kampuni iliyotuletea intaneti ya kasi Mji Mkongwe ilikuwa na mafundi hodari wenye ngazi na mashine za kutobolea, lakini mwanamume mgeni akipiga hodi asubuhi, wenyewe wako jikoni, hujibiwa dirishani na safari yake huishia hapo. Mimi, mwanamke mwenzao, nilipita mpaka uani. Nilikuna nazi za watu huku nikieleza habari za kasi na vifurushi, na nazi ikimalizika nilishapewa ruhusa ya kutoboa ukuta. Meneja alinisifu mbele ya wenzangu, nami kichwa kikavimba.

Nyumba niliyojivunia kuliko zote ilikuwa ya Bi Mwalimu, mtaani kwetu. Alinisomesha Kurani mimi, ndugu zangu na nusu ya mtaa. Chuo chake kilikuwa ukumbi wa chini, wenye mkeka, ubao na bakora ambayo sikumbuki kumuona akimpigia mtu. Kwanza alikataa, akasema ukuta wa mawe na chokaa wa babu yake haukujengwa kwa ajili ya kutobolewatobolewa. Nikamwambia kuna Wazanzibari Maskati na Ulaya wanaotafuta mwalimu wa kuwasomesha watoto wao kwa kuonana kwenye kioo.

"Weye umekuwa dalali siku hizi?" akacheka. Lakini alikubali, kwa kuwa ni mimi.

Ikamwendea vizuri. Baada ya miezi michache alikuwa na wanafunzi wa mbali wa kutosha, na nikipita alasiri nilimsikia akimrejesha mtoto wa Maskati kwenye herufi moja mara kumi, bila ya kuchoka wala kupandisha sauti. Tatizo likawa kelele. Watoto wa mtaa husoma kwa pamoja na kwa nguvu, na wale wa mbali wakawa hawasikii kitu. Mimi na ujuaji wangu nikamshauri awakabidhi wa mtaa kwa mwalimu mwenzake wa mtaa wa pili, abakie na wa mbali tu. Umri umekwenda, nikamwambia, huna haja ya kukimbizana na watoto.

Alifikiri wiki mbili nzima. Kukabidhi chuo kwetu si jambo la mzaha. Wazazi huitwa, dua husomwa, mwalimu hutamka mbele ya watu kwamba amewatoa wanafunzi wake, na mwenzake hutamka kwamba amewapokea. Baada ya hapo kuwadai ni utovu wa adabu. Mwisho akaniambia ameweka Jumatatu.

Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo meneja alituita sote chumbani kwake, akafunga mlango. Kampuni inaondoka. Wakubwa wameona mji wetu hauna faida kwao. Wateja wataarifiwa mwezi ujao, na atakayefungua mdomo kabla ya hapo asitarajie barua ya kumsifu kwa mwajiri mwengine. Nayasema haya ili mtu asinitafutie udhuru. Sikuwa na mgonjwa nyumbani, wala hakuna aliyenishikia kisu. Niliitaka barua, basi.

Ijumaa nilikwenda kwa Bi Mwalimu nimeazimia kumwambia. Nilimkuta anapiga pasi kanga mpya, halua keshaagiza.

"Ahirisha kidogo, Bi Mwalimu," nikasema.

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Watu nshawaalika, mwanangu. Au weye ndo utalia siku hiyo?"

Nikacheka naye. Nilimsaidia kukunja kanga, nikaondoka zangu.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Wanawake tulikaa ndani, wanaume wakakaa barazani. Bi Mwalimu alimwita kila mtoto, akamwekea mkono kichwani, na alipofika kwa wale wadogo kabisa sauti ilimkatika, ikabidi anywe maji. Kisha akatamka kwamba amewatoa. Dua ikasomwa, tukaitikia amin. Nilikuwa safu ya mbele kwa kuwa mimi ndiye niliyetoa ushauri, na amin yangu ilisikika. Kisha nikala halua, tena nikaongeza. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Mwezi uliofuata watu wakapata ujumbe kwenye simu: "Mpendwa mteja." Maneno matamu hayo, ya watu wanaovunja uchumba. Baada ya siku chache taa ya kile kisanduku ukutani kwa Bi Mwalimu ilizimika. Akajaribu bando la simu. Ndani ya kuta zile nene simu haishiki, kwa hiyo alipanda mpaka juu ya paa na mwavuli wake, jua linawaka, akakaa huko anasomesha.

"Sauti inakatika pale pale penye herufi," aliniambia. "Ntamsahihishaje mtoto nisiyemsikia?"

Mmoja mmoja, wazazi wa mbali wakatafuta walimu wengine, kwa heshima na samahani nyingi. Mwanamke aliyesomesha umri wake wote akabaki bila ya mwanafunzi hata mmoja, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Nikaenda kwa yule mwalimu wa mtaa wa pili. Mama wa watu aliridhia kuwarudisha wote, hata siku ile ile. Nikarejea mbio na habari hiyo kama niliyebeba zawadi. Bi Mwalimu akaniuliza:

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimeona tu—"

"Nshatamka mbele ya watu. Nikiwachukua leo, mtoto gani ataamini nnachomsomesha?"

Mkeka wa ukumbini ulikuwa umekunjwa, umesimamishwa pembeni. Nilikuwa peke yangu naye, na bado sikusema.

Barua niliipata, na kazi nyengine nikaipata kwa barua hiyo. Kisha ikaja harusi kwa jirani, tukakusanyika asubuhi kuchambua mchele. Mmoja wetu, mwenye ulimi, akaanza vijembe kuhusu watu wa mitandao. Nilipojifanya sisikii, akasema wazi wazi: "Mtu afanye kazi kule asijue kama wanaondoka? Huyu alijua, akatunyamazia."

Nyungo zikasimama. Bi Mwalimu aliuweka wake chini.

"Wallahi hakujua," akasema. "Mtoto huyu nimemsomesha mimi. Angejua, angenambia."

Huyu ndiye aliyetukataza kuapa utotoni, hata kwa penseli iliyopotea, akituambia jina la Mungu si la kuchezewa. Katika umri wangu wote sikupata kumsikia akiapa.

Yule mwanamke mwenye ulimi akaniinamishia kichwa.

"Niwie radhi, mwenzangu. Nimekudhania."

Watu walikuwa wananingojea mimi.

"Yamekwisha," nikamwambia.

Bi Mwalimu akasogea kunipisha kwenye jamvi, nikakaa ubavuni pake, tukachambua mchele mpaka adhuhuri.